Mcheza Kwao Hutuzwa Nini?

Methali yetu yasema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Twaisikia harusini, twaisikia katika ngoma za jando na unyago, na twaisikia katika mikutano ya hadhara pale msanii anapofungwa kitenge au kutiwa noti mkononi mbele ya macho ya watu. Hatuna ugomvi na methali hiyo. Wazee walioitunga walijua kwamba kazi ya kuwafurahisha na kuwafundisha watu ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba mwenye kuifanya anastahili ujira. Lakini methali ni fupi, na haikutuambia mchezaji hutuzwa nini. Katika insha hii tumekusudia kujadili deni moja ambalo jamii inadaiwa na mchezaji wa michezo ya kuigiza, na ambalo halilipwi kwa kitenge wala kwa noti. Deni hilo ni kumrudishia jina lake mchezo unapokwisha.

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Lilitujia kutokana na kosa tulilolitenda wenyewe katika bonde la Kilombero, nasi hatuna budi kuanza na kosa hilo.

Wenye kulijua bonde hilo wanajua kwamba maisha yake yanakwenda kwa kufuata maji na mpunga. Mvua za masika huufurisha mto, mbuga hujaa maji, kisha maji hupungua na mpunga hukomaa. Wakati wa mavuno fedha huingia katika mikono ya watu ambao kwa miezi mingi hawakuwa nazo. Ndicho kipindi cha ngoma na cha harusi, na kwa bahati mbaya ndicho kipindi cha pombe pia. Wapo waume ambao huuza mpunga ungali kijani shambani kwa bei ya kutupa, wakanywa fedha yote kabla mundu haujagusa shina. Na mke arudipo kutoka shambani hukuta kwamba jasho lake la mwaka mzima lina mwenyewe mwingine.

Katikati ya miaka ya 1990 tulikuwa bado vijana, nasi tulifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya umma bondeni humo. Ilipoamuliwa kwamba wananchi waonywe juu ya desturi hiyo mbaya, kikundi cha wakulima kilitunga mchezo, nasi kwa kuwa tulikuwa na mkono katika ushairi, tuliombwa kuandika beti za kufungulia na kufungia. Mchezo ulionyeshwa uwanjani, chini ya miembe, jioni moja baada ya mavuno. Mtu aliyecheza nafasi ya mume mlevi alikuwa mkulima mwenye umri wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye familia, ambaye hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Alicheza kwa namna ambayo hatujaiona tena. Alipoyumba, watoto waliyumba naye kwa kucheka. Alipopiga magoti kumwomba mlanguzi shilingi chache zaidi kwa shamba ambalo hakulilima yeye, kicheko kilikatika, na baadhi ya wanawake walifuta machozi kwa ncha za khanga. Siku zilizofuata tulisikia kwamba mume mmoja na mkewe walikwenda pamoja kwa mnunuzi, jambo ambalo nyumbani kwao halikuwa limetokea kabla.

Mchezaji yule alitoka uwanjani na jina jipya. Watoto walimwita kwa jina la mlevi wa mchezo, kisha wakubwa wakawafuata watoto. Jina lenyewe hatulitaji hapa, maana limekwisha kumdhuru vya kutosha.

Haukupita mwaka, mtu yule aliomba kazi ya kutunza ghala. Maombi yalijadiliwa na kamati, nasi tulikuwa waandishi wa kumbukumbu za kikao. Liliposomwa jina lake la kweli, wajumbe hawakulitambua. Mmoja alipolitaja lile jina la mchezoni, wote waliangua kicheko. Mjumbe mwingine akauliza, nusu kwa utani, kama ni busara kumpa mlevi funguo za ghala la chakula. Hapana aliyejibu. Sisi tulijua ukweli. Tulikuwa tumekaa na mtu yule majuma kadhaa ya mazoezi, tukimwona akinywa maji wenzake walipokunywa pombe. Tungeliweza kuinua mkono na kusema maneno manne tu: mtu huyu hanywi pombe. Hatukuinua mkono. Tulikuwa vijana, wajumbe walikuwa wakubwa wetu, na kicheko kilikuwa kitamu. Tuliandika kwamba mwombaji hakufaa, na kikao kikaendelea na shauri jingine.

Baadaye tulikutana naye katika kivuko. Siku hizo daraja la mto Kilombero lilikuwa halijajengwa, na watu wa Ifakara waliokwenda upande wa Ulanga walivushwa kwa pantoni. Alikuwa anahama na mizigo yake. Sisi, badala ya kumwamkia shikamoo kama umri wake ulivyostahili, tulimwita kwa mzaha kwa lile jina la mlevi. Hakukasirika. Alitutazama, akasema: "Ndugu karani, mchezo ule ulikwisha siku ile ile, jua lilipotua." Kisha akageuka kuyatazama maji.

Tangu siku hiyo tumejiuliza: je, mtu anayevaa tabia ya mwingine mbele ya watu anasema uongo? Je, uovu anaouigiza unamganda mwilini? Na ikiwa haumgandi, nani mwenye wajibu wa kumwosha?

Kuhusu swali la kwanza, wako watu wa heshima, wazazi na hata walimu, wanaoamini kwamba kuigiza ni aina ya uongo. Wanasema kwamba mtu mwadilifu hawezi kutoka mbele ya hadhara akajifanya mwizi, na kwamba kijana afanyaye hivyo anajizoeza unafiki. Hoja hii yastahili jibu la heshima. Uongo, kwa maoni yetu, hauko katika kusema lisilokuwa peke yake. Uko katika kumficha msikilizaji kwamba lisemwalo silo. Mwongo hutaka tumwamini, na akigunduliwa kazi yake imeharibika. Mchezaji tumekwisha mgundua kabla hajafungua kinywa. Tunajua kwamba ile ni khanga ya mama yake aliyojifunga, na kwamba ile chupa ina maji. Baina yake na sisi pana maafikiano yaliyo wazi, na penye maafikiano ya wazi hapana udanganyifu.

Wala jambo hili si geni katika utamaduni wetu, kana kwamba limeletwa na meli. Bibi zetu walipotusimulia hadithi jioni kando ya moto, walikuwa wachezaji. Bibi alikuwa sungura, akawa fisi, akawa mfalme na mjakazi. Alipokuwa fisi, sauti yake ilikwaruza na mikono yake ilinyakua nyama isiyokuwapo, nasi tuliogopa kweli kweli. Lakini kulipokucha, hapana mtoto aliyeficha kitoweo kwa kuogopa kwamba bibi ni fisi. Tulimwamkia kwa adabu, akatuitikia kwa jina lake la ubibi. Jamii ilijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba fisi alikwisha kurudi katika hadithi. Basi ni ajabu kwamba busara tuliyokuwa nayo tukiwa watoto wa miaka sita ilitupotea tulipokaa katika kiti cha kamati.

Tutazame sasa mfano wa kitaifa. Sanaa ya kucheza mbele ya kamera ina umri mkubwa katika nchi yetu kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, kodi na uwekaji wa akiba, na wachezaji wake walikuwa Waafrika. Watu hao walikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kuonekana katika kitambaa cha sinema. Leo majina yao hayamo katika vinywa vya watu. Walitoa sura zao, na sura zikazunguka Afrika ya Mashariki kwa gari la sinema. Majina yakabaki nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu tena, safari hii kwa kutumia kampuni ya Afrika ya Kusini, na zikatokea filamu za hadithi kwa lugha ya Kiswahili. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu. Inamhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kulaghaiwa na wajanja wa mjini. Aliyecheza katika filamu hiyo kama nyota yake alikuwa mtumishi kijana wa serikali, mzaliwa wa nchi ya Songea, kusini ya bonde letu, aliyesoma Tabora na kufanya kazi katika idara ya maendeleo ya jamii, ambako alishughulika pia na sinema za kuzunguka vijijini. Jina lake lilikuwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Msomaji analijua jina hilo kwa mambo mengine. Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Aliacha utumishi wa serikali ya kikoloni, akaingia katika mapambano ya uhuru pamoja na TANU. Mwezi Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo mpaka Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba mwaka huo. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977, miaka ambayo ndani yake reli ya TAZARA ilikamilika kupita katika bonde la Kilombero. Watu walimwita Simba wa Vita. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa kwa heshima zote za taifa.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Mtu aliyecheza mshamba anayelaghaiwa mjini alikabidhiwa funguo za nchi nzima. Taifa halikusema kwamba aliyelaghaiwa mbele ya kamera hawezi kuaminiwa mbele ya hazina. Lilijua kwamba mshamba wa filamu alibaki katika filamu, na kwamba aliyesimama mbele yake ni Rashidi Kawawa mwenyewe. Taifa lilimrudishia jina lake.

Msomaji mwangalifu atauliza kama kulikuwa na heshima yo yote katika kucheza nafasi kama ile kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Ni swali la haki. Kwa mtawala aliyependa kuamini kwamba Mwafrika hafai kukaa mjini, picha ya mshamba anayedanganywa ilikuwa na ladha yake. Lakini picha hiyo hiyo, mbele ya macho ya mtu wa Songea au wa Ifakara aliyekuwa anafunga safari ya kwenda kutafuta kazi ya vibarua, ilikuwa onyo kutoka kwa ndugu: angalia, wako watu wa namna hii, usije ukaibiwa. Mchezaji hatawali nia ya mwenye kamera. Anachokitawala ni jambo moja: je, amemcheza mtu yule kama binadamu, au kama kichekesho cha kudharauliwa? Nadhari ya mchezaji mwema imo humo. Akimcheza mjinga, humpa mjinga yule maumivu na matumaini kama ya mtu mwingine, hata mtazamaji acheke kisha ajione nafsi yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili, la uovu kuganda mwilini. Tuchukue mfano kutoka historia ya bonde lenyewe. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakaangushwa na bunduki za mzinga kwa wingi wa kutisha. Tuseme wanafunzi wa shule moja ya Ifakara wanataka kucheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Kila mmoja atataka kuwa Kinjeketile, au shujaa wa vita. Ni nani atakayekubali kuwa askari wa Mjerumani? Na asipopatikana wa kuwa askari, Kinjeketile atapigana na nani? Historia itageuka kuwa ngoma ya watu wanaojishangilia. Kijana anayekubali kulivaa vazi la askari yule, pengine akiwa kitukuu wa mtu aliyefia Mahenge, hajaisaliti damu ya babu yake. Amebeba mzigo mzito kuliko wenzake wote ili ukweli upate kusimuliwa. Kumchukia baada ya mchezo ni kumwadhibu kwa sababu ya utii wake kwa ukweli.

Hatusemi kwamba mchezaji hana wajibu. Mwiga tembo hupasuka msamba, na wako waigizaji ambao huiga uovu kwa kuupenda. Mchezaji anayeonyesha utamu wa pombe bila kuonyesha chungu kilichokauka nyumbani, au utamu wa wizi bila machozi ya aliyeibiwa, huyo ametoa nusu ya habari, na nusu ya habari yaweza kumpotosha mtoto. Mzazi anayemlalamikia mchezaji wa namna hiyo ana haki. Lakini alalamikie kazi, asiitie doa nafsi ya mtu kwa sababu ya nafasi aliyoicheza.

Lipo pia jina la kubandikwa ambalo ni la mapenzi. Amri Athumani wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948, alianza kucheza jukwaani tangu utotoni, akaendelea hadi katika filamu za siku zetu, na Watanzania wengi walimjua kwa jina la King Majuto. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Jina la usanii lilimletea upendo wa watu wengi, naye alilibeba mwenyewe kwa hiari. Hata hivyo, wangapi kati yetu tuliocheka naye miaka mingi tulilijua jina alilopewa na wazazi wake kabla ya kulisikia katika habari za msiba? Tukimsahau mtu tukamkumbuka mhusika tu, tutasahau pia kwamba mtu yule huugua, huzeeka, na ana watoto wanaohitaji ada ya shule. Mhusika halipwi kodi ya nyumba wala hanunuliwi dawa, maana hali wala haugui. Ni mtu anayekula.

Basi tukilinganisha mambo haya, tunaona aibu yetu ilipo. Kawawa alirudishiwa jina lake, na ilikuwa haki. Mkulima wa bondeni hakurudishiwa lake, ingawa alicheza kwa uaminifu ule ule na kwa faida ile ile ya watu. Tofauti yao ni nini? Kawawa aliendelea kuonekana mbele ya watu kwa matendo mengine makubwa, hata nafasi ya filamuni ikawa tone katika bahari. Mkulima hakuwa na jukwaa jingine. Jioni ile moja chini ya miembe ndiyo pekee ambayo wengi walimtazama, na walichokiona wakakifanya kuwa maisha yake yote. Kwa hiyo deni la kumrudishia mchezaji jina lake ni zito zaidi kwa mchezaji mdogo kuliko kwa mkubwa. Mkubwa huweza kulichukua mwenyewe. Mdogo hutegemea ushahidi wa wenzake.

Kwenu walimu, mnaoandaa michezo katika shule zetu, tungependa kuacha mashauri mawili. La kwanza, nafasi ya mwizi, ya mlevi na ya msaliti isipewe kila mara mwanafunzi mtundu, kana kwamba ni adhabu au ni tabia yake; apewe leo kiranja, na kesho mtoto mpole kuliko wote, ili darasa zima lione kwamba uovu unaoigizwa ni vazi, na kwamba vazi laweza kumkaa ye yote. La pili, mchezo ukishakwisha, kabla watu hawajatawanyika, wachezaji wote warudi mbele, wavue vilemba na mavazi ya kuazima, na kila mmoja alitaje jina lake na la kijiji chake kwa sauti. Watazamaji waitikie. Ni jambo la dakika tano tu. Lakini katika dakika hizo jamii inapokea tena watoto wake iliowatuma kwenda kuwa watu wengine kwa niaba yake.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapokaa katika viti vya kamati, kama wengi wenu mtakavyokaa, mtasikia mtu akitajwa kwa jina ambalo si lake, na chumba kizima kitacheka. Wakati huo mtakumbuka kwamba maneno manne yanatosha.

Sisi hatukuyasema yalipohitajiwa. Ghala lile lilikwisha pata mtunzaji mwingine, miaka imepita, na hatuwezi kumrudishia mtu yule kazi aliyoikosa. Kilichobaki katika uwezo wetu ni ushahidi, ingawa umechelewa. Basi tunaushuhudia hapa, mbele ya wasomaji wote wa kitabu hiki: mtu yule hakuwa mlevi. Alikuwa mkulima wa mpunga, baba wa watoto, na mchezaji bora kuliko wote tuliowahi kuwaona. Alicheza kwao, nasi hatukumtuza.